Tiki ya Jumatatu

Shule yetu ilikuwa ikitutoa saa tisa na nusu, na hospitali iko katikati ya shule na nyumbani. Kwa hiyo kazi ya kupeleka chakula ilinikuta mimi. Mama alikuwa akiingia zamu ya jioni katika kiwanda cha mikate, na kila siku alinisubiri getini pa shule na hotpoti iliyofungwa kwa kanga. Alinikabidhi na kuniambia maneno yale yale: "Usichezecheze njiani. Mwache ale ashibe. Na umsikilize Sista."

Sista mwenyewe alikuwa msimamizi wa wodi ya upasuaji. Wagonjwa walimpachika jina la Sista Sabuni, na yeye alijua, wala hakununa. Hujafika mlangoni ameshakuuliza, "Umenawa?" Hata daktari mkuu aliulizwa. Siku moja nilimwona mzee mmoja aliyekuja kumwona mkewe akirudishwa nje mara mbili, mara ya pili kwa sababu alijifutia mikono kwenye suruali.

Mgonjwa wangu alikuwa baba mdogo. Ni dereva wa lori, mtu wa vicheko na miluzi. Lori lilipinduka, mguu ukavunjika, akafanyiwa upasuaji mbali na kwetu, kisha akaletwa hapa na jeraha linalotoa usaha. Hakulazwa na wenzake. Aliwekwa peke yake katika chumba cha pembeni, mwisho wa wodi, na mlangoni pakabandikwa karatasi nyekundu.

Siku ya kwanza Sista Sabuni aliniketisha kwenye benchi akanieleza kama mtu mzima mwenzake.

"Jeraha la baba yako mdogo lina vimelea sugu. Unajua maana yake?"

"Ni wadudu wakali, Sista."

"Ni wadudu waliokwisha kuzoea dawa. Watu wanameza dawa nusu dozi, wakipata nafuu wanaacha, na vile vimelea vilivyobaki vinajifunza. Sasa dawa za kawaida kwao ni kama maji. Ziko moja mbili tu zinazoviweza, na hizo hatuzigusi ovyo. Vikitoka chumba kile vikaingia kwenye jeraha la mtu mwingine, tumekwisha. Na havina miguu, mwanangu. Vinasafiri kwa mikono yetu."

Kisha akanipa masharti. Kabla ya kuingia, vaa joho na glavu. Ukitoka, vua vyote, tupa kwenye ndoo yenye kifuniko, nawa kwa sabuni ukihesabu hadi ishirini. Ukimaliza weka tiki kwenye karatasi ya ukutani, kwenye mstari wa jina lako. Halafu toka kwa mlango wa nyuma. Usirudi kupitia wodini kabisa.

Aliyenifundisha namna ya kunawa alikuwa mwanafunzi wa uuguzi, tuliyemwita Dada Mdogo. Alinishika mikono yangu bombani, akanisugulia katikati ya vidole na chini ya kucha, huku tukihesabu pamoja. Nilipofika kumi na mbili nikataka kuacha, akacheka. "Hapana, bibi wee. Ishirini ni ishirini."

Basi nilifuata. Msinione mjinga, nilifuata wiki nzima.

Sasa niwaambie kuhusu adabu yangu, maana ndiyo iliyoniponza. Bibi yangu alinilea na neno moja: usimpite mgonjwa bila kumpa mkono na kumpa pole, hata kama humjui. Kwa hiyo nilipokuwa nikiingia, mikono ikiwa safi, nilianzia kitanda cha kwanza nikaenda hadi cha mwisho. Pole, mzee. Pole, kaka. Umeshindaje? Wagonjwa walinipenda, na mimi nilipenda kupendwa, kwa nini nifiche?

Aliyenipenda zaidi alikuwa fundi cherehani wa kitanda cha nane. Kioo cha dirisha kilimkata kiganja cha mkono wa kushoto, na madaktari wakamshonea mishipa ya vidole. Mtu huyu alikuwa na ulimi! "Daktari ameshona vizuri," alisema, "ila pindo limepinda kidogo. Ningekuwa bosi wake ningemfumulisha." Ndiye aliyenibatiza Mheshimiwa. Kila nikiingia alipaza sauti: "Jamani, kaeni sawa! Mheshimiwa amefika kuomba kura!" Wodi nzima inacheka, na mimi ninapita nikitoa mikono kama mgombea kweli.

Jumatatu ile nilipoingia, fundi hakuwa kitandani. Alikuwa amepelekwa kubadilishiwa bendeji. Nikapita hadi chumba cha pembeni, nikavaa joho, nikavaa glavu, nikaingia.

Baba mdogo alikuwa amegeukia ukuta. Chakula hakukitazama.

"Kula, baba mdogo."

"Sina njaa."

Nikamshika mkono. Akautazama ule mkono wangu uliofunikwa glavu, akacheka, lakini si kile kicheko chake. "Wiki ya pili hii sijaguswa na mtu. Wote wananishika kwa mpira, kama samaki aliyeoza. Hata wewe."

Maneno yale yalinichoma. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na mbili, na huyu ndiye aliyenibeba mabegani nikiwa siwezi hata kufunga viatu. Nikavua glavu. Nikamshika kwa mikono mitupu, nikamlisha, nikamfuta jasho, nikamweka sawa shuka lililogusa mguu. Alikula chote. Nilitoka pale najiona nimefanya jambo kubwa.

Nje, nikavua joho. Nikafungua bomba: kavu, hata tone. Chupa ya kitakasa mikono ilikuwa tupu. Bomba jingine liko uani, na kupitia dirishani niliona foleni ya kina mama wenye ndoo za nguo. Nikatazama mikono yangu. Ilikuwa safi kabisa! Haina uchafu, haina harufu. Kalamu ilikuwa inaning'inia kwenye uzi. Nikaweka tiki.

Ndipo nikasikia sauti kutoka wodini. "Mheshimiwa! Leo hujanipa mkono! Au kwa kuwa naruhusiwa Jumatano, kura yangu haina thamani?"

Mlango wa nyuma ulikuwa hatua tano kulia kwangu. Mimi nikaenda kushoto.

"Shikamoo, fundi. Nani kasema nimekusahau?"

"Marahaba, marahaba. Hebu nisaidie hapa. Yule Dada Mdogo kafunga bendeji, kaitwa haraka, ncha imelegea. Iingize humo ndani. Wewe una vidole vyembamba."

Nikaingiza ncha ya bendeji. Vidole vyangu viwili vilizama chini ya kitambaa, nikahisi joto la kiganja chake na ncha za nyuzi. Nikaibana vizuri. Akanishukuru, akasema nikimaliza shule nije nijifunze ushonaji, maana nina mkono mwepesi. Nikaenda nyumbani ninaruka.

Jumatano nilibeba machungwa mawili ya kumuaga. Nilimkuta bado kitandani, meno yanagongana, blanketi mbili juu yake na jua linawaka nje. Mkono ulikuwa umevimba umekuwa kama mguu wa mtoto. Hakuniita Mheshimiwa. Hata sijui kama aliniona.

Sista Sabuni alisimama katikati ya wodi. "Jeraha la fundi limeingiwa na vimelea. Daktari ameanza dawa ya kawaida wakati tunasubiri majibu ya maabara, na majibu hayatoki kabla ya Jumamosi. Nataka kujua jambo moja. Kuna mtu aliyetoka chumba cha pembeni akapita huku? Kuna mtu aliyegusa bendeji hii?"

Fundi hakusikia kwa homa, na wenzake hawakuwa wameona vidole vyangu vikigusa bendeji. Kisha akanigeukia mimi, polepole.

"Wewe. Jumatatu ulinawa?"

Nilijua jibu, lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini watu wote walikuwa wananitazama, wale wale walionipenda, nikajikaza kisabuni.

"Ndiyo, Sista. Angalia karatasi. Nimeweka tiki."

Akaenda akaangalia. Akarudi akanipapasa kichwa. "Haya. Nisamehe, mwanangu. Ni lazima niulize."

Aliniomba msamaha mimi! Hadi leo nikikumbuka mkono ule kichwani, nasikia vibaya.

Waswahili walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Mimi nilidhani maneno hayo ni ya watu wanaoficha vidonda vyao. Sikujua kwamba unaweza kuficha maradhi ya mtu mwingine.

Alhamisi hali ya fundi ilikuwa mbaya zaidi. Mstari mwekundu ulikuwa umepanda kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko. Mkewe alikaa kwenye kiti akimpepea kwa daftari, midomo imemkauka. Na Dada Mdogo hakuwepo. Nikamuuliza mhudumu anayesukuma vitanda.

"Ameondolewa wodini," akasema. "Si ndiye aliyewafunga bendeji wote wawili, baba yako mdogo na fundi? Wanasema yeye ndiye aliyeleta. Uchunguzi ukimkuta na kosa, chuo kinamfukuza."

Nilimkuta nyuma, kwenye ngazi za mlango ule ule ambao sikuupita. Bado alikuwa na sare yake. Analia bila sauti, na huku anaitazama mikono yake, anaigeuza. "Nilinawa," aliniambia. "Nakumbuka nilinawa. Lakini sasa sina hakika tena na kitu chochote."

Ningesema pale. Hapakuwa na mtu mwingine, tulikuwa wawili tu. Nikamwambia, "Pole, Dada." Pole! Nilikuwa bingwa wa pole.

Usiku ule sikula. Mama aliporudi kutoka zamu alinigusa paji la uso akasema sina homa. Nikamuuliza, kana kwamba nauliza swali la shule, mtu akijua ugonjwa umetoka wapi, inasaidia nini? Mama aliendelea kukunja nguo. "Inasaidia sana. Daktari asiyejua anabahatisha. Na kubahatisha kunakula muda."

Ijumaa sikusubiri kengele ya saa tisa na nusu. Nilimwomba mwalimu ruhusa saa nne, nikakimbia. Sista Sabuni alikuwa mezani kwake, anaandika.

"Sista, ile tiki ya Jumatatu ni ya uongo."

Kalamu ikasimama. "Rudia."

"Sikunawa. Bomba lilikuwa kavu. Nilivua glavu ndani, nikamshika baba mdogo mikono, na shuka la mguuni. Halafu nikapita wodini. Nikamwekea fundi bendeji sawa. Vidole vyangu viliingia ndani."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi. Heri angenizaba. Hakunitazama hata kidogo. Aliinua simu akamwita daktari. "Ni vimelea vya chumba cha pembeni. Ndiyo, nina hakika. Usisubiri maabara. Anza ile dawa ya akiba sasa hivi." Akakata simu, akaniambia, "Kaa pale," akaondoka mbio. Nilikuwa sijawahi kumwona Sista Sabuni akikimbia.

Niliketi kwenye benchi lile lile la siku ya kwanza. Niliona chupa mpya ikipelekwa kitanda cha nane. Niliona mke wa fundi akisimamishwa, akielezwa, kisha akigeuza shingo kunitafuta kwa macho. Nikainama nikatazama viatu vyangu.

Jumamosi majibu ya maabara yalitoka, na yalikuwa kama nilivyosema. Asubuhi hiyo hiyo fundi aliingizwa tena chumba cha upasuaji. Walikata vidole viwili, cha shahada na cha kati, vya mkono wa kushoto. Ule unaoongoza kitambaa chini ya sindano.

Daktari alizungumza na mama mbele yangu. Hakupunguza kitu. "Alipoongea Ijumaa, alituokolea kiganja. Siku moja zaidi na tungekata mkono. Lakini angeongea Jumatano alipoulizwa, huenda vidole vile vingekuwepo."

Mama hakunipiga. Alinishika mkono akanipeleka hadi kitanda cha nane, ambacho sasa kilikuwa kimezungushiwa pazia, akanivalisha joho na glavu, akasema, "Mwambie mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Nilimwambia. Fundi alinisikiliza hadi mwisho, kisha akageuza uso ukutani, vile vile alivyofanya baba mdogo.

"Nenda," akasema.

Hilo tu. Mtu ambaye alikuwa na neno la kila kitu.

Dada Mdogo alirudishwa wodini Jumatatu. Nilimfuata na msamaha wangu niliouandaa njia nzima. Alikuwa anapanga bendeji kwenye toroli, hakusimama. "Nilikufundisha kuhesabu hadi ishirini," alisema. "Kuandika uongo hukufundishwa na mimi." Akasukuma toroli lake. Alikuwa na haki.

Baba mdogo ndiye aliyelia. Alisema kosa ni lake, ndiye aliyenisimanga kwa glavu. Tena akaungama jingine: huko barabarani, kila akipata kikohozi au kidonda, alikuwa akinunua vidonge vinne, akijisikia nafuu anatupa vilivyobaki dirishani. "Nilijiona mjanja," alisema.

Sista Sabuni aliniita siku kadhaa baadaye. Aliniketisha, na mara hii alinitazama.

"Mimi pia nina langu," alisema. "Bomba lilikuwa kavu tangu asubuhi, na chupa tupu sikuibadilisha kwa wakati. Nikategemea karatasi. Karatasi haioni mikono ya watu. Hilo nimeliandika kwenye taarifa, na nimelitia sahihi." Akaongeza, "Lakini bomba kavu halikukuzuia kusema bomba ni kavu. Ungeniita tu. Ningekuja na ndoo kichwani."

Ile karatasi ya tiki ikaondolewa. Chupa ya kitakasa mikono ikafungwa miguuni pa kila kitanda, na ndoo ya akiba yenye bomba ikawekwa mlangoni pa chumba cha pembeni. Mtu akitoka humo, mwingine anasimama kumtazama akinawa, awe daktari, awe mfagizi. Wagonjwa wote walipimwa. Wiki ya kwanza, hakuna mwingine. Wiki ya pili, hakuna. Fundi aliruhusiwa, na wiki iliyofuata baba mdogo naye akatoka kwa magongo, amemaliza dawa zake zote hadi ya mwisho. Karatasi nyekundu ikabanduliwa. Watu walisema wodi imepona.

Ilipita miezi miwili kabla sijathubutu kwenda dukani kwa fundi. Nilisimama upande wa pili wa barabara, nikatazama. Alikuwa kwenye cherehani. Kitambaa kilimponyoka, akakirudisha kwa kiganja. Kikaponyoka tena, akasimamisha gurudumu, akakirudisha. Zamani alikuwa akishona huku anapiga soga na kutazama wapita njia. Sasa alikuwa ametazama chini, ulimi umetoka pembeni ya mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika.

Aliniona. Hakuniita, lakini hakunifukuza. Nikavuka.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba." Aliendelea na kazi. Bila kuinua macho akasema, "Jana nimeharibu suti ya bwana harusi. Mwezi huu ni ya pili."

Neno pole lilinijia, nikalimeza.

"Kaa," akasema. Nikakaa kwenye kigoda. "Nimekaa nafikiri juu yako. Nilitaka kukuchukia, na siku nyingine nafanikiwa. Mikono kukosea, ni kawaida. Hii yangu ilipokuwa mizima imekata vitambaa vya watu vingapi? Lakini nilipokata vibaya nilisema siku ile ile, kabla nguo haijashonwa, na mara nyingi tuliokoa kitu. Kosa la mikono yako lilikuwa la Jumatatu. Jumatano ulikuwa na nafasi ya kulitengeneza kwa mdomo wako, ukaniacha naungua. Mtoto, ukikosea, sema. Sema upesi, hata kama wote wanakutazama. Ukichelewa kuna mtu analipa, na mara nyingi si wewe."

"Nimesikia, fundi."

"Usisikie tu."

Nilisimama kuondoka. Kwa mazoea, nikanyoosha mkono kumuaga. Hakuupokea. Aliutazama, kisha akanitazama mimi.

"Umenawa?"

Sikuwa nimenawa. Nilikuwa nimetoka shule, nimeshika geti, nimeshika vumbi la njia nzima. "Bado," nikasema.

Pembeni mwa duka palikuwa na bomba na kipande cha sabuni. Nilisugua katikati ya vidole na chini ya kucha, nikahesabu kwa sauti ili asikie, moja hadi ishirini. Niliporudi, maji yanadondoka, fundi alikuwa amesimama ananisubiri. Hakunipa mkono wa kulia. Alinipa ule wa kushoto, kwa makusudi, na mimi nikaushika, vidole vyote vitatu.